Shajara ya mradi: majina ya kina mama wa sanaa wa Mji wa Unguja

Jumatatu, 13 Januari 2025

Haya, shajara ndo inaanza. Tulikubaliana mtu mmoja awe anaweka kumbukumbu za mradi na nikasukumiwa mimi kwa vile ati "we ndo una maneno", sawa, ila basi mtavumilia ninavoandika.

Mradi wenyewe kwa ufupi: tunawatafuta kina mama na kina dada wa Mji wa Unguja wanaofanya kazi za sanaa na kula kwa kazi hizo, washona kofia, wapaka hina, waimbaji na wapigaji taarab, wachoraji, wasuka ukili, wapika udi. Tunawapiga picha wakikubali, tunarekodi sauti zao, afu tunafanya maonyesho ya siku moja kabla ya Ramadhani kuingia na siku hiyo hiyo wanauza na kuchukua oda. Bajeti ni michango yetu wenyewe, mfadhili hakuna.

Kilichotuchoma ni hivi. Ingia duka lolote la zawadi Mji Mkongwe. Picha ya kuchora ya mtindo wa tingatinga ukutani, hata ile ya haraka haraka yenye twiga shingo imepinda, ina saini ya mchoraji kwenye kona. Sasa angalia kofia ya viua iliyoshonwa kwa miezi, angalia mkeka, angalia kikapu cha ukindu: bei imebandikwa, jina hakuna. Ukimuuliza muuzaji anakwambia "wanashona kina mama huko". Huko wapi? Si Ng'ambo hapo, upande wa pili wa mji, unavuka barabara tu.

Ukumbi tumebishana sana. Wenzangu wanataka Mji Mkongwe kwa vile watalii wako huko na pesa iko huko. Mi nikasema Ng'ambo, kwa sababu mama wa Kwahani hatoacha jiko lake aende kusimama Shangani mbele ya wageni wasiojua hata kusalimia, na isitoshe wanunuzi wakubwa wa kofia, hina na udi ni Wazanzibari wenyewe, mtalii ananunua sumaku ya friji na kikoi basi. Mwisho wa yote bei ndo ikaamua, ukumbi wa kuazima bure umepatikana karibu na Michenzani, mjadala umefungwa.

Jambo moja la utaratibu: humu siandiki jina la mama yeyote mpaka mwenyewe aseme sawa. Wataitwa kwa kazi na mtaa.

Jumatano, 22 Januari

Kikao cha orodha. Tatizo la orodha za namna hii ni kwamba waliokwisha tangulia wanajaa mpaka walio hai wanakosa pa kukaa. Kila mtu anakuja na Siti binti Saad na Bi Kidude, waimbaji wetu wakubwa wa taarab, na nani atapinga? Mmoja kataka na Bibi Salme, binti wa Sultani, awemo, kazaliwa Mtoni 1844, kitabu chake kimetoka Ujerumani 1886, nikasema huyo keshaandikwa na makumbusho keshapata, tumwache apumzike.

Tumekubaliana bango moja tu la waliotangulia, na ndani yake tuseme yale ambayo watu huyaruka. Siti kazaliwa Fumba miaka ya 1880 hivi, nyumba ya wafinyanzi, na kabla ya kujulikana kwa uimbaji alikuwa anatembeza vyungu, anatoka shamba anaingia mjini anauza kwa kunadi. Sauti ile watu waliisikia kwanza kwenye biashara. Kahamia mjini 1911 hivi, na 1928 ndo kaenda Bombay kurekodi santuri za Kiswahili, zikauzwa pwani nzima ya Afrika Mashariki. Kafariki 1950. Bi Kidude naye, watu wanakumbuka ile tuzo ya muziki ya WOMEX ya 2005 na ile sigara yake, lakini ukiuliza wazee wanamjua kwa hina na wanja aliokuwa akitengeneza na kuuza mwenyewe, na ngoma ya unyago aliyokuwa akilipwa kuwafunda wari. Yani wote wawili ni wafanyabiashara tangu mwanzo, usanii na biashara havijawahi kuwa vyumba viwili mbali mbali hapa mjini, sijui lini tulianza kuona haya kusema msanii anauza.

Lubaina Himid, mchoraji, tumemjadili mpaka watu wakaanza kupiga miayo. Kazaliwa Zanzibar 1954, kaondoka mtoto mchanga, kakulia Uingereza, 2017 kachukua Turner Prize, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, na ndo mwanamke mweusi wa kwanza kuichukua, na kanga zimo kwenye kazi zake. Hoja ya kumpinga ni kuwa haishi hapa. Hoja ya kumkubali, kaitoa mdogo wetu wa kamera, ni kuwa wasichana wanaochora hapa wanaambiwa kila siku kuchora si kazi ya mtoto wa kike. Kaingia.

Alhamisi, 30 Januari

Leo Jang'ombe, kwa bi mkubwa wa kofia. Hii ntaandika kwa urefu maana imegeuza mradi.

Nimekaa kwake kutoka adhuhuri mpaka alasiri inaadhiniwa, na muda wote huo kashona upana wa vidole viwili, basi. Kitambaa cheupe, tabaka mbili, mchoro ushachorwa kwa penseli. Kila kiua ni kitundu kinachotobolewa afu kinazungushiwa uzi, sindano inaingia inatoka inaingia inatoka mpaka ukingo unakaza, ndo anahamia cha pili yake. Ile sahani ya juu inashonwa peke yake, ule ukuta wa pembeni peke yake, mwishoni ndo vinaunganishwa, kofia inafuliwa na kutiwa wanga isimame. Vile vitundu ndo vinavopitisha hewa, kwa hiyo unavaa jua kali na kichwa hakichemki. Akanifundisha na namna ya kuijua ya mashine: igeuze ndani. Ya mashine ndani nyuzi zimejaa fujo, ya mkono ndani kunakaribia kuwa kuzuri kama nje.

Hashoni mfululizo. Anashona wali ukiwa jikoni, anashona wajukuu wakiwa chuoni, yani madrasa, anashona umeme ukiwepo usiku. Kofia moja nzuri inachukua miezi. Akimaliza anakuja dalali kuichukua, na bei anaijua dalali. Tulijaribu kugawa yale malipo kwa saa anazokaa nayo, ikatoka pesa ambayo huyo anayeinunua dukani angeona aibu kumpa mtu kwa kumbebea begi kutoka bandarini mpaka hoteli. Na dalali wenyewe si jini, naye kaja kwa daladala, naye ana watoto, ila kwenye mnyororo mzima anayejua kushona ndo anayepata kidogo kuliko wote.

Nikamwomba picha na jina. Kacheka. "Mie si msanii, mwanangu, mie nashona." Picha ya uso hataki, mikono sawa. Jina ukutani, astaghfirullah, watu waseme nini.

Basi nikafunga daftari nikijua huyu tumemkosa. Afu, naaga, nikamwonesha kwenye simu picha za kofia nilizopiga madukani, kwa kumchangamsha tu. Akavaa miwani. "Hii yangu." Nikamuuliza umejuaje, akanikuzia picha mwenyewe kwa vidole: pale ukuta unapoungana pana kiua kimoja kidogo kimekaa pembeni ya safu, hakimo kwenye mchoro. Anakiweka kila kofia tangu alipokuwa mwari. Akaendelea kupitisha picha, hii ya fulani wa Mwembetanga, yeye hukaza sana uzi, hii sijui ya nani lakini kafundishwa na yule wa Miembeni, hii ya mashine, wamekuibia waliokuuzia.

Yani saini ziko siku zote! Wenyewe kwa wenyewe wanajuana kofia kwa kofia, sisi wanunuzi ndo hatujui kusoma. Nimerudi nyumbani nikawapigia wote simu, bango la kofia linabadilika, halitokuwa picha za sura, litakuwa picha kubwa kubwa za alama, na chini mtaa tu.

Alhamisi, 6 Februari

Dada wa hina, Mwanakwerekwe. Huyu kinyume kabisa cha bi mkubwa: jina anataka, uso anataka, namba ya simu anataka iandikwe kubwa. Biashara yake iko Instagram na kalenda yake imejaa harusi mpaka Ramadhani, baada ya hapo harusi zinasimama, zinaanza tena sikukuu ikipita. Usiku wa kuamkia Iddi ndo hapati usingizi kabisa.

Hina anaichanganya mwenyewe, unga wa majani, ndimu, mafuta ya mkaratusi, anaiacha ilale, anachuja kwa soksi nyembamba isizibe kwenye koni. Rangi inatoka nyekundu kwenda kahawia na inakolea siku ya pili. Tatizo ni piko. Wateja wanataka nyeusi na wanaitaka sasa hivi, na piko ni dawa ya nywele, ndani yake kuna kemikali inaitwa PPD, ambayo ngozi za watu wengine haziitaki kabisa, inatoa malengelenge na kovu linaweza kubaki na umbo lile lile la ua. Watoto anawakatalia moja kwa moja. Watu wazima anawapaka tone nyuma ya sikio siku mbili kabla, wakikataa kupimwa anawakataa na wao. Kapoteza wateja kwa hilo, kasema hivo bila kulalamika, "waende, watarudi na mikono imevimba". Nimemwambia siku ya maonyesho asikae tu kupaka, aeleze na hili, akasema atafanya lakini anataka kipaza sauti.

Jumapili, 16 Februari

Mji umejaa watu wa Sauti za Busara, tamasha la muziki liko hapa tangu 2004, Ngome Kongwe haipitiki. Tumetumia nafasi hiyo kumpata bi mkubwa wa Kikwajuni aliyekuwa mwitikiaji kwenye taarab ya kina mama enzi za vilabu, Sahib el-Arry wapo, Nuru el-Uyun wapo, na ukiwa huku huwezi kuonekana kule. Karekodiwa mpaka betri ikaisha.

Mi nilikuwa najua kutunza ni kutoa pesa tu kwa muimbaji. Kumbe lilikuwa jambo la hesabu. Unasubiri beti inayomgusa hasimu wako, hapo hapo unainuka, unatembea polepole noti iko juu, unapita mbele ya meza yake, unamtunza muimbaji kwa beti ile hasa, na mtaa mzima unajua barua imefika. Kikundi kilikuwa kinakula kwa ugomvi huo. Sare walinunua wenyewe, maneno walitunga wenyewe, ila wapigaji vyombo mara nyingi walikuwa wanaume wa kukodi, na hilo bi mkubwa kalitaja mara kadhaa na uso kaukunja.

Ndo maana bango la muziki litaanzia hapo na kwenda kwa Tausi, kikundi cha Bi Mariam Hamdani alichokianzisha 2009, fidla mwanamke, ganuni mwanamke (mwenyewe Bi Mariam anapiga ganuni), ngoma mwanamke. Na DCMA, chuo cha muziki kilichofunguliwa 2002, kimefanya jambo ambalo halisemwi sana: mzazi anamruhusu binti yake kujifunza fidla mchana darasani wakati asingemruhusu kujifunza usiku nyuma ya jukwaa la harusi. Tofauti ni saa na mlango tu.

Jumatano, 19 Februari

Haraka haraka. Mabango yamechapishwa, moja rangi imetoka kijani kama homa, linarudiwa. Wasuka ukili hatukuwapata kwa wakati, wako msimu wa kazi, watakuwa awamu ya pili. Mpika udi wa Kikwajuni kakubali kuja na chetezo chake, na mwenye ukumbi kauliza kama moshi utaharibu dari, tumemwambia hapana na tumeomba dua.

Msichana anayechora, wa Mpendae, ndo aliyeleta kesi. Anachora kwenye tableti, wanawake wenye kanga, na mwaka jana kaikuta michoro yake imechapishwa kwenye mifuko inayouzwa na watu asiowajua. Kawauliza, wakamwambia wameipata kwenye intaneti, kana kwamba intaneti ni shamba la bure. Tumemsindikiza COSOZA, ofisi ya hakimiliki, imetokana na sheria ya 2003. Nilichokielewa ni kuwa mchoro ni wake tangu alipouchora, ila ukijisajili na kuorodhesha kazi unakuwa na ushahidi wa kushika siku ukigombana na mtu. Kabla ya hapo ushahidi wake ulikuwa tarehe za faili kwenye tableti iliyopasuka kioo.

Jumamosi, 22 Februari, usiku

Imefanyika. Miguu siisikii.

Tuliigawa siku: asubuhi kina mama peke yao, simu zinabaki mlangoni, mchana watu wote. Asubuhi ndo ilikuwa maonyesho kweli kweli. Kina mama waliojifunika wakajifunua, bi mkubwa wa Kikwajuni akaimba bila kuombwa, na mtu akainuka na noti juu akapita mbele ya shoga yake, ukumbi mzima ukapiga vigelegele, sijui ni ugomvi gani na sijauliza. Dada wa hina kapewa kipaza sauti na hakukirudisha.

Kwenye bango la kofia palijaa kuliko pote, na si watalii, ni washonaji. Wameletana. Walisimama wakiziangalia alama zilivyokuzwa wakawa wanataja majina kwa sauti, "ya mama fulani hii", "hapana, ya bintiye", na mmoja katoa kofia ya marehemu mumewe kwenye mfuko akaja kuilinganisha mpaka akamjua aliyeishona. Mdogo wetu wa kamera alikuwa anaandika nyuma yao kama karani wa mahakama. Tumepata majina ambayo tusingeyapata kwa kubisha hodi mwaka mzima, na alama zao.

Mchana walikuja na wenye maduka wawili watatu tuliowaalika. Mmoja kafurahi, anataka kadi ndogo ndani ya kila kofia, picha ya alama, mtaa, na jina kwa anayetaka. Mwengine kaniuliza wazi: kwa nini nimpe mteja wangu njia ya kunikwepa? Mi simlaumu kwa kuuliza. Lakini hiyo ndo sababu hasa ya jina kukosekana miaka yote hii, na nimefurahi kuisikia ikisemwa, maana kwengine unaambiwa ni "utamaduni wa staha" na mazungumzo yanaishia hapo. Staha ipo, bi mkubwa wa Jang'ombe ni staha. Ila na faida ipo, imejificha nyuma ya staha yake.

Moshi wa udi: dari salama.

Jumatano, 12 Machi

Ramadhani, naandika baada ya tarawehe. Kuna aliyeniuliza kwa nini hatukufanya tarehe 8 Machi kama watu wote, Siku ya Wanawake. Kwa sababu imeangukia mwezi mtukufu, na kwa sababu oda za Iddi zinachukuliwa Shaabani. Mama wa udi kamaliza akiba yote na anapika tena. Msichana wa Mpendae kauza kadi za Iddi. Bi mkubwa wa kofia kapata oda moja kwa moja, bila dalali, kwa bei aliyoitaja mwenyewe kwa sauti ndogo sana, na mteja hakupunguza hata shilingi. Mteja anaitaka kwa Iddi. Bi mkubwa kamuuliza "Iddi ya mwaka gani?" Wamekubaliana Iddi kubwa, na yenyewe inshallah.

Kadi za kwanza tumezichapisha. Kina mama wengine wanataka jina kamili, wengine "Mama" na jina la mtoto wa kwanza, wengine alama peke yake. Tumeamua kila mmoja na atakavyo, mpangilio wa kadi utakuwa fujo na mchapishaji kanuna. Namba za simu haziwekwi kwenye kadi za dukani, zinawekwa kwenye zile za kina mama wenyewe. Si jibu zuri sana kwangu, ningependa ziwekwe kote, lakini washonaji wenyewe wamesema wanalihitaji duka miezi ambayo hakuna sikukuu, na wao ndo wanaojua.

Jumamosi, 5 Aprili

Sikukuu imeisha, Mnazi Mmoja wanafagia. Dada wa hina hakulala usiku wa kuamkia Iddi na sauti hana, kanitumia ujumbe wa maandishi. Tone la nyuma ya sikio sasa wateja wanalidai wenyewe.

Dalali wa Jang'ombe kaja kunitafuta. Nilidhani tunagombana. Kumbe kaja na orodha ya washonaji wengine anaowachukulia kazi na anataka kujua kadi zinachapishwa kwa kiasi gani, kasema duka moja limemuuliza mbona kofia zake hazina. Tutakaa naye, masharti yetu ni kwamba bei anayolipwa mshonaji iandikwe kwenye daftari na mshonaji abaki na nakala. Hajakubali. Hajakataa pia.

Awamu ya pili ni wasuka ukili. Wanalalamika ukindu umepanda bei na rangi za dukani zinachuja ukifua mkeka mara moja, kwa hiyo huko hatuanzi na picha, tunaanza na rangi, kuna bi mkubwa anasemekana bado anachemsha za mizizi na majani na lazima tumpate kabla ya mvua za masika hazijakolea. Jumatatu napita Mwembetanga na picha za kofia zilizobaki bila mwenyewe. Aliyeondoka na chaja ya rekoda siku ya maonyesho airudishe, sitaji mtu.